Upande wa Pili wa Kijiwe

Watu wakisikia natunza hifadhidata ya kampuni ya maji, huniuliza mambo mawili tu: mbona bili yao imepanda, na kama naweza kuwatengenezea simu. Siwezi. Bili imepanda kwa sababu mnaacha mabomba wazi, na simu mpelekeeni fundi simu. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mteja yupo mahali pake na usomaji wa mita yake, hata umeme ukikatika, hata meneja akibonyeza asichokijua. Nikiifanya vizuri, hakuna anayejua kama nipo. Nikikosea, mji mzima unanitaja.

Ofisi yangu ipo nyuma ya ukumbi wa malipo. Ni chumba chenye kidirisha kimoja kinachotazama tangi la maji, na baridi ya kiyoyozi kilichowekwa kwa ajili ya mashine wala si kwa ajili yangu. Navaa sweta mwaka mzima. Jirani yangu ni mhasibu, naye akiingia ni kutaka ripoti, na akiipata anaondoka bila hata asante. Sasa niambie, mtu kama mimi akapige soga na nani?

Ndiyo maana nikawa mtu wa Kijiwe. Kijiwe ni ukumbi wa mtandaoni wa watu wa hifadhidata, waliotawanyika huko na huko. Kuna vyumba vya maswali ya kazi, na humo watu wana adabu zao. Halafu kuna chumba kimoja kinaitwa Kibarazani, ambako kuzungumza kazi ni marufuku. Humo ndimo tulimokuwa tukibishana kama chai inachemshwa na sukari au bila sukari, na kwa nini soksi hupotea moja moja wala si jozi. Mmoja alisema zinapotea kwa sababu hakuna aliyezipa namba. Tulimcheka wiki nzima.

Mwenye Kijiwe ni Babu Bakapu, mzee aliyestaafu anayetunza mitambo yote nyumbani kwake. Ukimwandikia "shikamoo Babu", anakujibu "marahaba, umefanya bakapu?" Bakapu ni nakala ya akiba ya kazi yako, na hana salamu nyingine. Yeye ndiye aliyeweka sheria mbili za Kibarazani. Ya kwanza, hatuulizani majina, miji wala sura. Ya pili, ukimwomba mtu jambo la nje ya Kijiwe naye akanyamaza, jua umeshajibiwa, na huulizi tena. Aliziweka baada ya watu fulani kusumbuana, na sote tuliziona ni sheria nzuri. Mimi mwenyewe nilizishabikia kweli.

Mimi huko naitwa Shangazi. Sikujiita, waliniita wao, kwa sababu nilikuwa nawagombeza hata ambao hawajakosea.

Kila asubuhi, wa kwanza kuingia huandika "maji yamechemka". Hapo kila mmoja anasema anakunywa nini na anaona nini dirishani kwake, kisha tunaanza kuchekana. Mimi nilikuwa na tangi langu. Kulikuwa na mmoja na ua la shule, mwingine na gereji. Na kulikuwa na Tupu.

Tupu alijiunga bila kujaza sehemu ya jina, basi mtambo ukamwandika hivyo hivyo, tupu, na jina likamganda. Alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la vipuri, na dirisha lake lilitazama ukuta. Kila siku watu wakisimulia mawingu na ndege, yeye aliandika maneno mawili: "Ukuta upo." Siku moja akaandika, "Ukuta upo, ila leo una mjusi." Nilicheka hadi mhasibu akaja kuchungulia kama nimeugua.

Tulianza kwa kugombana, kama kawaida yangu. Alisema uji mzito ni chakula cha watu wavivu wa kutafuna. Nikamwambia asinitukanie kifungua kinywa. Akajibu, "Samahani Shangazi, sikujua kama umeng'oka meno." Huyo mtu! Tangu siku hiyo nikawa nafungua Kibarazani kabla sijafungua hata mkoba wangu. Alinijua nikiwa na hasira ya kweli na nikiwa na hasira ya mchezo, kwa maandishi tu. Mume niliyewahi kuwa naye aliniona kwa macho miaka yote hiyo na hakuwahi kuzitofautisha. Habari za mume huyo zimeisha, sitaki kuzirudia.

Nilimpenda Tupu. Haya, nimesema. Mtu mzima mwenye mvi kichwani, nampenda mtu ambaye sijui kama ni mrefu au mfupi.

Mama yangu, ninayeishi naye, alijua kabla yangu. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu, simu ipo karibu na ubao, na nacheka peke yangu.

"Unamchekea nani?" akauliza.

"Watu wa kazini, Mama."

"Watu wa kazini wanakufanya ukate vitunguu na kidole? Hebu tazama."

Kweli nilikuwa najikata. Mama akaniletea kitambaa, akasema, "Mwanangu, mtu huyo ana mke?"

"Mama!"

"Nimeuliza tu. Kuuliza si kuposa."

Hakuwa na mke. Alifiwa zamani, aliwahi kulitaja mara moja, tena wakati tunabishana kuhusu mito ya kulalia. Alisema bado hulala upande ule ule wa kitanda. Mimi nikamwandikia kwamba mto wa pamba ni bora kuliko wa sponji. Akanishukuru. Mpaka leo sielewi alikuwa ananishukuru nini, lakini nilikaa na shukrani hiyo mchana kutwa.

Basi Ijumaa moja akaniandikia kwenye kisanduku cha faragha, ambamo ni sisi wawili tu. "Shangazi, nataka kuvunja sheria ya kwanza. Nataka kujua jina lako na mji wako, na nije nikuone. Ukikataa sitanuna." Niliusoma mara tatu. Nilimjibu, "Nipe hadi Jumatatu." Akajibu, "Nimekupa."

Jumamosi na Jumapili sikutulia. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilijitazama kwenye kioo, nikaona shingo, nikaona mikono, nikasema ananijua kwa maneno, akija atakutana na haya. Mama alinivumilia mpaka Jumapili jioni, kisha akaweka kikombe chini.

"Huyo wa kwenye simu amekwambia nini?"

"Anataka kuja."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka aje," nikasema, na nikashangaa jinsi jibu lilivyokuwa jepesi kutoka.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi yoyote, nikamwandikia. Jina langu kamili, mji, kampuni ya maji, namba ya simu ya mezani maana ya mkononi huwa naisahau mkobani. Nikaongeza: "Njoo. Nimekungoja kabla hujauliza." Nikabonyeza kutuma, nikaketi juu ya mikono yangu nisije nikaufuta ujumbe.

Hakujibu.

Nikasema yupo kazini. Saa ya "maji yamechemka" ikafika, watu wakaja, yeye hakuja. Hakuna ukuta. Jumanne hivyo hivyo. Sasa, wiki zile zilikuwa za kufunga hesabu za mwaka, na watu wa kazi yetu wakati huo hupotea, wanatafutwa na mameneja kila kona. Kibarazani palikuwa pamepungua watu karibu nusu, na aliyekuwepo alisema, "Wenzetu wamefungiwa na wahasibu, Mungu awafanyie wepesi." Tuliwatania wasiokuwepo, tukasema tugawane vikombe vyao. Nami nikatania. Nilikuwa naandika hahaha huku nimekaza taya.

Maana mimi nilijua hakufungiwa na mhasibu yeyote. Aliuliza, akapewa jina, akalitazama, akaona si kitu. Au alikuwa anacheza tu. Na sheria ya pili ilikuwa wazi, niliitetea kwa mdomo wangu mwenyewe: amenyamaza, basi amejibu. Nisingemwandikia tena hata kwa dawa. Nina hasira, na nina haya, na vyote viwili vilinifunga mikono.

Lakini kumkumbuka hakukutaka ruhusa yangu. Nikiona kitu cha kuchekesha ukumbini, mteja amekuja na mita yenyewe mkononi kwamba tuisome hapo hapo, jambo la kwanza nilisema moyoni, nimwambie Tupu. Halafu nakumbuka. Mchana nilikuwa nafungua mazungumzo yetu ya zamani nasoma, nasoma upande wake tu, wangu naruka. Nilikuwa namkosa mtu ambaye hata akipita mbele yangu barabarani ningempisha kama mpita njia mwingine. Uchungu wa namna hiyo hauna hata pa kuushika. Mama akaacha kuuliza. Akawa ananipakulia chakula kingi, nami nakula nusu.

Hivyo hivyo hadi wiki ya tatu ikaanza. Asubuhi moja nimeingia Kibarazani nikakuta tangazo la Babu Bakapu, refu, tena bila salamu ya bakapu. Nilijua kuna balaa.

Nilieleze kwa lugha ya nyumbani. Kijiwe kina seva mbili, yaani kompyuta mbili zinazobeba mazungumzo yote. Wewe ukiingia unapelekwa kwenye mojawapo bila kujua, unaandika, kisha seva hizo zinaambizana nani kaandika nini, ili watu wa huku na wa kule waone kitu kimoja. Wikendi ile, ile ya Jumamosi na Jumapili yangu, Babu alihamisha seva moja chumba kingine. Alipoiwasha hakurudisha njia ya kuzungumza na mwenzake. Kila moja ikaendelea kupokea watu wake, ikidhani mwenzake kalala. Kijiwe kikapasuka katikati. Sisi wa huku tuliwatania wa kule kwamba wamefungiwa na wahasibu, na wa kule walikuwa wanatutania sisi vile vile.

"Mafundi wa hifadhidata ukumbi mzima," Babu aliandika, "na hakuna hata mmoja aliyechungulia, mimi nikiwa wa kwanza. Sote tulidhani ni mwisho wa mwaka. Nimeaibika. Leo saa nane mchana nitaunganisha pande zote mbili."

Watu wakaanza kucheka na kuzomeana. Mimi nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Hakunyamaza! Hakuona! Nilitaka kutoka nje nimkumbatie mhasibu. Nikamwandikia Babu faraghani: "Babu, Tupu yuko upande gani?"

Akajibu: "Alikuwa upande ule mwingine."

"Alikuwa?"

"Ameomba kufutwa, Shangazi. Wiki iliyopita. Alisema aliuliza jambo na akajibiwa kwa ukimya, na kwamba amepata kazi nje ya nchi. Nimemfuta. Mtu akiomba kufutwa, namfuta hadi kwenye bakapu, unanijua. Sina hata barua pepe yake."

Nilikaa. Alinisubiri hadi Jumatatu, na Jumanne, na wiki, akiutazama ukuta wake, na mimi huku nimekaza taya naandika hahaha. Aliondoka akiamini nimemwona si kitu. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kuondoka kwenyewe. Nililia, tena kwa sauti, na mhasibu akafungua mlango, akaona, akaufunga polepole. Kwa mara ya kwanza nikamwona ana utu.

Lakini mimi ni mtu wa kazi hii. Nikiwa nalia, kichwa kilikuwa kinafanya kazi chini chini. Babu alimfuta Tupu upande ule. Pande zilikuwa hazizungumzi. Kwa hiyo upande wetu...

"Babu," nikaandika, "upande wetu huku Tupu bado yupo. Kufutwa kwake hakujafika."

"Ndiyo. Kutafika saa nane nikiunganisha."

"Na barua pepe yake ipo huku."

"Shangazi, usiniombe hilo. Siwezi kukupa anwani ya mtu aliyeomba asahaulike. Hata wewe. Hasa wewe."

Ningemtukana, lakini alikuwa na haki, na mzee mwenye haki huwezi kumfanya chochote. Nikapiga moyo konde, nikafikiria kama vile ni kazi ya mtu mwingine. Kijiwe, mtu akiandikiwa faraghani, humtumia barua pepe yenye ujumbe wenyewe. Lakini inayotuma barua hizo ni seva moja tu, ile ya upande wa kule. Za upande wetu zilikuwa zimekusanyika foleni wiki zote hizo, zinangoja seva ile izichukue. Yangu ya Jumatatu ilikuwa humo, ina anwani yake, ipo tayari.

"Sitaki anwani," nikaandika. "Nijibu swali la kazi. Unapounganisha pande mbili, matukio unayapanga vipi?"

"Kwa jinsi yalivyotokea. La mwanzo mwanzo, la mwisho mwisho. Unanipa mtihani?"

"Mimi nimemtumia ujumbe Jumatatu. Yeye ameomba kufutwa wiki iliyofuata. Lipi lilitangulia?"

Sikungoja jibu.

"Kama njia ingekuwa wazi," nikaendelea, "angeupata Jumatatu ile ile. Ukimfuta kwanza ndipo utume barua, foleni itamkosa na itautupa ujumbe wangu. Utakuwa umegeuza mpangilio. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kugeuza mpangilio ni kusema uongo. Babu, nakuomba. Toa foleni kwanza. Kisha mfute, mfute kabisa, sitakuuliza tena."

Nilitazama skrini hadi macho yakaniuma. Tangi lilikuwa linafurika nje na hakuna aliyelijali.

"Huyu naye ana kichwa," akaandika hatimaye. Halafu: "Natoa foleni. Sijausoma ujumbe wako na sitausoma." Halafu tena: "Imekwenda. Imepokelewa. Sasa namfuta. Pole, mwanangu."

Saa nane pande zikaungana. Kibarazani palilipuka, watu wanaitana, wanasalimiana kama waliotoka safari. Kule walikuwa wameniombolezea kwa utani, wameandika wasifu wangu: "Marehemu aligombeza watu wengi." Nikasoma, nikajaribu kucheka. Kila alipokuwa ameandika Tupu palikuwa peupe. Katikati ya mazungumzo watu wanamjibu mtu asiyekuwepo: hahaha kweli kabisa, wewe nawe, hapana, bado hajaja. Hilo la mwisho nililitazama sana. Alikuwa amemuuliza mtu kama Shangazi amekuja.

Nikarudi kwenye mita zangu. Saa tisa, hakuna. Saa kumi, hakuna. Ukumbi wa malipo ukafungwa, wahudumu wakapita na mikoba yao wakiagana. Nilijiambia kwamba anwani yenyewe labda ni ya ghala, na ghala ameshaacha. Nilijiambia nimefanya nililoweza. Nikavaa viatu vyangu vya kutokea.

Simu ya mezani ikalia.

"Kampuni ya maji," nikasema.

Nikasikia kelele nyingi, watu, magurudumu ya mabegi, sauti ya mwanamke inatangaza kitu kwenye kipaza sauti. Kisha sauti ya mwanamume, nzito kidogo, ya mtu anayechagua maneno.

"Naomba kuzungumza na..." Akalitaja jina langu lote, kama nilivyoliandika.

"Ndiye mimi."

"Ujumbe wako umenifikia leo. Umeandikwa tarehe ya Jumatatu ile."

"Niliutuma Jumatatu ile. Kijiwe kilipasuka. Sikunyamaza, unanisikia? Sikunyamaza hata siku moja."

"Nipo uwanja wa ndege. Nina mkataba wa miaka miwili. Wameanza kutuita."

Mwanamke mwingine, mwenye busara zake, angesema nenda, kazi ni kazi, tutaandikiana. Nami nilikuwa na maneno hayo mdomoni, ya kiungwana kabisa. Lakini nilikuwa nimeshaandikiana na mtu huyu miaka, na nimeshachoka kusoma.

"Usiende," nikasema.

Yule mwanamke wa kipaza sauti akatangaza tena. Nilisikia watu wakiinuka.

"Mabegi yangu yameshapakiwa ndani ya ndege," akasema.

"Basi yaende yenyewe."

Akacheka. Kicheko chake kilianza chini, kikakwama, kikatoka chote kwa mpigo, na watu wa huko lazima waligeuka kumtazama. Miaka yote hiyo nilikuwa nasoma tu kwamba amecheka. Nikafunika mdomo kwa mkono nisikikatize.

"Natoka kwenye mstari," akasema, na kweli nikasikia anawaomba watu njia, samahani, samahani mama, nipishe. "Usikate simu."

"Sikati."

Nikavua viatu, nikaketi sakafuni na simu sikioni, nikawa nasikiliza anavyotembea.